Mjumbe Ndani ya Seli

Barua ya Minza iliingia kijijini Mwamkulu Jumatatu moja, mwaka tisini na nne, na hadi jioni Mjumbe Osward alikuwa ameshaisoma mara tatu: mara moja kwa sauti, mara mbili kwa jasho.

Ile ya sauti aliisomea nyumbani kwa Nashon, baba yake Minza, pembeni ya zizi. Nashon hajui kusoma. Mkewe Nyanzala naye hajui. Mdogo wake Nashon, Masalu, aliwahi kwenda kisomo cha watu wazima akaishia kwenye a-e-i-o-u, ng'ombe wakapotea, akawafuata, kisomo kikaishia hapo. Kwa hiyo tangu familia hiyo ihamie kutoka Usukumani na mifugo yao, kila barua inayoingia inasomwa na Osward. Mjumbe wa nyumba kumi ana kazi zake, kugonga muhuri, kusuluhisha ng'ombe walioingia kwenye mahindi ya watu, kuandikisha wageni, lakini hii ya kusoma barua ndiyo aliyokuwa anaipenda. Alikuwa anaisoma kwa mbwembwe kabisa, akifika kwenye salamu anapanda, akifika kwenye msiba anashuka.

Sasa siku hiyo alianza vizuri tu. Shikamoo baba, shikamoo mayu, mimi huku chuo cha maabara Tabora sijambo. Halafu akaona neno moja mbele yake, akaacha sauti, macho yakaendelea peke yake.

Minza ni binti ambaye habari haiwezi kulala naye, lazima ilale kwa mtu mwingine, na alichoandika ni hiki:

"Baba, kuna jambo huku linaninyima usingizi. Mwalimu ametueleza kwamba ndani ya seli kuna mjumbe. Mjumbe huyu anatoka na amri, na akiachwa aseme tu bila kuzuiwa, mtoto hakui, anabaki mtoto siku zote. Sasa wamegundua kuna kadogo kamoja. Hakana cheo, hakajengi kitu, mtu akikaona anadhani ni takataka. Kumbe ndiko kanakomshika mjumbe na kumnyamazisha, amri yake isitimizwe! Na kana herufi ishirini na mbili tu, baba. Huku sisi tunasema huyo mjumbe amekwisha. Na baba mdogo Masalu mwambieni ile kazi aliyonituma nimeshaimaliza, nitakuja nayo mwenyewe."

Osward alikohoa. Akainua karatasi juu kidogo, akasoma kwamba Minza anasema huko Tabora mvua ni kidogo na vitunguu vimepanda bei. Akamaliza kwa wasalaam. Nashon akatikisa kichwa, akasema ndio maana mawingu yote yamekuja huku. Kawaida barua ikishasomwa inaingia kwenye kimfuko cha salfeti alichokitundika Nyanzala ndani, lakini hii Osward aliikunja akaitia mfukoni, akasema panya wa msimu huu wanapenda sana karatasi.

Masalu alikuwa amekaa kwenye kigogo, anachonga mpini. Ni mtu mfupi, mfupi kweli, akisimama na ng'ombe unaona kofia tu. Aliinua macho, akamwangalia Osward, akarudi kwenye mpini wake.

Nyumbani Osward alifunga mlango mchana kweupe akasoma tena. Ndani ya seli kuna mjumbe. Seli, selo, ni kulekule, polisi. Nani anamweka mjumbe selo? Na mwaka wenyewe ndio huo, vyama vingi vimeingia, watu wanaangaliana kwa jicho la pembeni, na kuna maneno yalikuwa yanatembea kwamba wajumbe wa zamani wapumzike, wamekaa mno. Yeye miaka kumi na tisa. Mtoto hakui, maana yake nini kama si kwamba kijiji hakiendelei kwa sababu yake? Na huyo kadogo asiye na cheo, anayeonekana takataka?

Akavuta daftari la wakazi. Nyumba ya nne: Masalu Ng'wanandila Shija. Akaweka kidole, akahesabu herufi. Ishirini na moja. Akashusha pumzi. Halafu akakumbuka ile ng' ameihesabu moja, wakati N ni ya kwake na G ni ya kwake. Ishirini na mbili.

Alimwonyesha mkewe. Lusia alikuwa anachambua maharage, aliisoma barua mpaka mwisho bila kuacha kuchambua, akamuuliza, "Baba Odeta, mtu akitaka kukupindua atamwandikia barua baba yake asiyejua kusoma, ili wewe ndio uisome?"

"Ndio ujanja wenyewe huo," Osward alisema. "Anajua sitaamini."

Lusia alimwambia basi aache hayo asome ukurasa wa pili, ndio wenye maana. Ukurasa wa pili Osward alikuwa ameshausoma. Minza alikuwa anaomba barua ya utambulisho. Maabara moja ya Mwanza inachukua wanafunzi wawili tu wa chuo chao, na kila mwombaji alete barua ya mjumbe wake yenye muhuri, na dole gumba la mzazi, kabla mwezi haujaisha. "Nisipoipeleka, baba, nafasi yangu anapewa mwingine, na sijui kama itakuja tena."

Osward alielewa vizuri sana. Miaka miwili nyuma yeye ndiye aliyeandika barua iliyompeleka Minza chuoni, akaigonga muhuri mara mbili kwa furaha. Lakini sasa alijiambia hakuna mtu anayemnolea panga yule aliyekuja kumkata. Barua ikaingia chini ya godoro. Siku zikaanza kwenda.

Wiki ya kwanza alimchunguza Masalu. Masalu akienda mtoni, Osward naye ana shida mtoni. Masalu akisimama kuongea na mtu, Osward anapita na baiskeli taratibu, mnyororo umetoka, anainama kuurudisha, unatoka tena. Wiki ya pili Masalu mwenyewe alimfuata. Alisimama mlangoni, akazungusha kofia mikononi, akauliza kama Minza kwenye ile barua hakusema kitu kuhusu yeye.

"Alisema usalimiwe."

"Basi?"

"Ulitaka aseme nini?"

Masalu akasema hapana, basi, akaondoka. Sasa mtu asiye na neno anauliza vile kwa nini? Osward usiku huo alimwambia Lusia ameshamkamata. Lusia akamwambia aukamate na usingizi.

Tabora nako Minza alisubiri barua, kila siku anakwenda kuangalia kwenye sanduku la chuo, hola. Zilipobaki siku tano mwezi uishe, akapanda treni kuja Mpanda. Alifika Mwamkulu Jumatatu mchana, amebebwa nyuma ya baiskeli na begi mapajani, na kabla baiskeli haijasimama alikuwa ameshaanza kuongea. Akawasalimu wote, akamkumbatia mama yake, akamtupia baba mdogo Masalu kifurushi. Dawa ya minyoo ya ndama. Ndiyo hiyo kazi aliyotumwa. Masalu alikuwa amemficha kaka yake jambo hilo maana Nashon anaamini mizizi tu, akisikia dawa ya dukani anakasirika siku mbili. Ndiyo maana alikuwa anauliza kwa kuzungukazunguka.

Osward alikuwepo. Mgeni akiingia mjumbe lazima awepo. Aliona kile kifurushi, na shaka yake juu ya Masalu ikaanza kuteremka.

Minza akamgeukia baba yake, akasema basi ampe ile barua aliyoiomba, Jumatano asubuhi treni inarudi, akiikosa hiyo hakuna nyingine ya kumfikisha ndani ya mwezi.

"Barua ipi?" Nashon akauliza.

Akaelezwa. Akasema hajasikia kitu cha namna hiyo. Watu wote pale, taratibu, mmoja mmoja, wakamgeukia Osward.

Mtu aliyebanwa ana njia mbili, kuomba radhi au kushambulia, na Osward hakuwahi kuizoea ile ya kwanza. Alitoa barua mfukoni, maana siku hizo alikuwa ameitoa chini ya godoro anatembea nayo kama hirizi, akasema kabla ya muhuri wowote binti aeleze mbele za watu nani anataka kumweka mjumbe selo. Akaisoma yote, kwa sauti, kadogo na herufi ishirini na mbili na huyo mjumbe amekwisha.

Minza alisikiliza mdomo wazi. Halafu akacheka. Alicheka akakaa kwenye gunia la mpunga, akajaribu kusimama akashindwa, akawa anaonyesha kidole hewani kama mtu anayetafuta neno. Mama yake alimwambia acha utoto, Mjumbe anakuuliza. Ndipo akafuta machozi akaeleza, na akieleza Minza mikono yote inafanya kazi.

Alisema seli siyo polisi. Seli ni kama tofali. Mwili wa mtu, wa ng'ombe, wa mnyoo, umejengwa kwa vitofali vidogo mno, jicho halivioni, na kila kimoja kinapewa amri ya nini cha kufanya. Amri zinahifadhiwa katikati, na kuna kijiuzi kinachonakili amri moja na kuitoa nje ikatekelezwe. Wazungu wanakiita jina linalomaanisha anayetumwa, na mwalimu wao akasema sisi tutasema mjumbe. Sasa kuna kijinyoo cha ardhini, hakifikii punje ya ulezi kwa urefu. Watu wa Amerika waliona baadhi ya vijinyoo hivyo havikui. Vinajivua ngozi, vinarudia kujivua, vinafanya tena na tena mambo ya utotoni.

"Kama ndama anayenyonya mpaka pembe zinaota," Masalu akasema, polepole.

Hivyohivyo, Minza alisema. Wakatafuta miaka mingi kilichoharibika. Kumbe kuna amri moja ya utotoni ambayo mjumbe wake hakunyamaza wakati ulipofika. Anayemnyamazisha hayupo. Na huyo anayenyamazisha, walipomwona hawakuamini: kijiuzi kifupi, herufi ishirini na mbili, kila mtu alijua kitu kifupi hivyo hakina kazi. Kazi yake ni kumkumbatia yule mjumbe, herufi kwa herufi, ili amri ya utoto isitekelezwe tena na mnyoo ukue.

Nashon akauliza na binadamu je. Hapo Minza alipungua kasi. Alisema mwalimu anadhani huenda ni mambo ya kijinyoo kile tu. Lakini yeye kichwani amekataa. Uvimbe mbaya unaoua watu, yeye alivyosoma, ni seli zilizosahau kukua, zinazaana tu kama za utotoni. "Sasa ni nani hakumnyamazisha mjumbe wa zile?" Mwenyewe hajui, na ndio maana anaitaka Mwanza.

Ikabidi Osward aulizwe yeye zile herufi ishirini na mbili alidhani ni nani. Akasema. Kwa aibu kubwa akasema mpaka habari ya N na G. Masalu aliweka mpini chini. "Kwa hiyo mimi niko ndani ya mnyoo?" Watu walicheka mpaka jirani wa pili akaja kuuliza kuna nini, na Osward naye akajikuta anacheka, akaona mambo yameisha.

Nashon peke yake hakucheka. Alisubiri wenzake wamalize.

"Mjumbe," alisema, "ulinisomea Tabora mvua ni kidogo. Hiyo mvua imeandikwa wapi?"

Minza akaichukua barua, akaangalia mbele na nyuma. Mvua haikuwemo. Vitunguu havikuwemo.

"Ah, nilikuwa nimechanganyikiwa tu, mzee mwenzangu, siku hiyo..."

"Na zile nyingine?"

Hapo ndipo Osward alipoona jambo alilofanya lina ukubwa gani. Maana Nashon hakuwa amekasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alikuwa anamwangalia kama mtu anayekagua daraja alilolipita miaka yote. Kila alichokijua kuhusu ndugu zake wa kule walikotoka, nani kafa, nani kaoa, nani kamsamehe nani, alikijua kwa mdomo wa Osward. Alimwambia mkewe alete kile kimfuko cha salfeti. Akasema kesho Minza atazisoma zote, moja moja, mbele ya huyuhuyu. Zikiwa sawa na alivyozisikia, ataweka dole gumba. Ikipatikana hata moja ya uongo, dole lake haligusi karatasi ya Osward, na suala linakwenda ofisi ya kata.

Minza alianza kusema baba, treni. Nashon akamwambia treni ina njia yake na yeye ana ya kwake.

Jumanne asubuhi Osward aliletewa kigoda, akakaa kama mshitakiwa. Barua thelathini na saba. Minza alikuwa anazisoma haraka, anakimbizana na siku, na baada ya kila moja Nashon anafumba macho, anakumbuka, halafu anasema sawa. Ile ya mahari, sawa. Ile ya ng'ombe walioibiwa Bariadi, sawa. Kumbukumbu ya mtu asiyejua kuandika inatisha. Kuna moja Osward alikuwa amesoma "Jumapili" kumbe ni Jumamosi, Nashon akaisimamisha, wakabishana, akaisamehe.

Ilipofika mchana zilikuwa zimebaki kama kumi, na Osward akaiona. Bahasha ya rangi ya udongo, ukingo umeliwa na maji. Mwaka themanini na sita.

Alikuwa ameisahau, kweli kabisa, mpaka dakika ile. Ilikuwa barua ya msiba wa mama yake Nyanzala, imeandikwa na kaka mtu. Mama amefariki, tumemzika, poleni. Hayo aliyasoma. Lakini katikati kulikuwa na mstari mmoja ambao aliuona, akauruka, na hakumwambia mtu, hata Lusia. Mama alikuwa anakuuliza mpaka siku ya mwisho, Nyanzala, na neno lake la mwisho kwako alisema usililie kaburi lake maana ulimtupa akiwa hai. Nyanzala wakati ule alikuwa na mimba ya miezi saba na mbili za kabla zilikuwa zimeharibika. Osward alimtazama tumbo, akatazama mstari, akasema mama amefariki kwa amani, amewabariki wote.

Sasa Nyanzala alikuwa hapohapo, kwenye mkeka, amenyoosha miguu, anasikiliza. Mtoto wa mimba ile alikuwa nyuma ya nyumba anapiga kelele za mchezo.

Minza akaanza kuisoma. Sauti ilishuka ilivyotakiwa. Mama amefariki. Tumemzika. Halafu akasimama.

Alisimama kidogo tu, kama mtu anayemeza mate. Osward aliona macho yake yanakwenda kulia mwa karatasi, yanarudi kushoto, yanakwenda tena. Akaona kidole gumba chake kinasogea polepole kufunika kitu. Minza, ambaye habari haiwezi kulala naye.

"Endelea," Nashon alisema.

"Maandishi yamefifia, baba." Akavuta pumzi. "Anasema... mama alikufa kwa amani. Amewabariki wote."

Nashon alifumba macho muda mrefu kuliko kwa zile nyingine. Nyanzala alikuwa anaangalia mikono yake.

"Sawa," Nashon akasema.

Zilizobaki zilikwenda haraka. Jioni Osward aliandika barua ya utambulisho, akasema binti huyu namfahamu tangu utoto wake ni mwaminifu na mchapakazi. Hilo neno mwaminifu alilitazama kidogo kabla ya kuendelea. Akagonga muhuri. Nashon akamwambia Minza aisome kwanza, yote, na ya kwenye muhuri pia. Minza akasoma. Nashon akabonyeza dole gumba kwenye wino, akaliweka, akalifuta kwenye nyasi.

Jumatano alfajiri Osward mwenyewe ndiye aliyempeleka stesheni kwa baiskeli, aliomba kazi hiyo akapewa. Njia nzima alikuwa anatafuta pa kuanzia, na njia nzima Minza nyuma yake alikuwa anaongea: kijinyoo, mwalimu, Mwanza, darubini, jinsi ambavyo siku moja watavipata vijiuzi vile kwa watu na yeye atakuwa hapohapo anaviangalia. Walipofika abiria walikuwa wameshaanza kupanda na vyombo vyao, kuku, magunia, magodoro. Alimpokea begi, akalishikilia.

"Minza. Ile barua ya themanini na sita."

"Ipi, Mjumbe?"

Aliuliza akiwa anamwangalia usoni, na hakuwa anacheka. Osward alimtazama, akajaribu kuona kama alifunika mstari ule kwa ajili ya mama yake au kwa ajili ya dole gumba la baba yake. Uso ule wa miaka ishirini ulikuwa umefungwa vizuri kama bahasha mpya.

"Basi," alisema. Akamkabidhi begi.

Minza akapanda, akapata dirisha, akatoa kichwa, akaanza kumweleza habari nyingine ambayo treni ilianza kuondoka kabla hajaimaliza.